Mnyonyaji wa Nyuki

Nchi ya Sambamba msiitafute kwenye ramani. Ramani zake zote zilikusanywa ili zisahihishwe, na hadi leo zingali zinasahihishwa. Anayesimulia hana ugomvi na mtu. Anasema yaliyotokea tu, na msomaji akiona sura anayoifahamu, basi hayo ni yake na macho yake.

Mwaka mmoja ambao mahindi yalikubali vizuri, Serikali ya Sambamba ilipokea Kielelezo. Kilikuwa kitabu kinene chenye jalada jekundu, zawadi kutoka nchi rafiki ya mbali huko kaskazini, nchi ambayo, kwa mujibu wa redio, ilikuwa imeshamaliza matatizo yake yote na sasa ilikuwa inatafuta ya wenzake. Ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho binadamu anahitaji: namna ya kulima, namna ya kuoa, namna ya kupiga makofi na wakati wa kuyaacha. Kazi iliyobaki kwa watu wa Sambamba ilikuwa moja tu, nayo ni kufanana na kitabu.

Kijiji cha Mtakuja kilijiunga kwa hiari, siku ya Jumanne. Askari waliwasili na malori asubuhi, wakatangaza kwamba hiari itafungwa saa sita mchana, na kwamba baada ya hapo zitafuata hatua nyingine ambazo hawakuona haja ya kuzieleza. Jua halijafika utosini, watu walikuwa wameshatoa mbuzi wao, majembe yao, mashamba yao na vyungu vyao. Bibi mmoja aliyekuwa na homa kali alibebwa na kitanda chake ili naye asikose nafasi ya kujitolea, na baada ya kujitolea akarudishwa bila kitanda. Ilikuwa siku ya furaha. Aliyeonekana analia aliambiwa aendelee, ila alie kwa furaha.

Sasa, Sura ya Nne ya Kielelezo ilihusu kuzoa theluji barabarani. Mtakuja hawajaona theluji tangu dunia iumbwe, lakini sura ni sura. Ikaundwa Kamati ya Kuzoa Theluji, yakaletwa makoleo mapana ya mbao, na uenyekiti akapewa Gumbo, mfuga nyuki. Kila mwezi Gumbo alisimama mkutanoni akaripoti kwamba theluji haikuonekana popote, na kila mwezi Katibu wa Kielelezo pale kijijini, Ndugu Semboja, alimpongeza kwa ushindi huo.

"Mvivu mkubwa wewe!" Kondo alimpigia kelele kutoka upande wa pili. "Kazi pekee uliyoiweza tangu uzaliwe ni kuzoa kitu ambacho hakipo."

"Nawe ungepewa hiyo hiyo," Gumbo akajibu, "ungeshindwa."

*

Maneno hayo yasimshtue mtu. Kondo, mshona katambuga, vile viatu vya matairi, alikuwa Mnyere. Gumbo alikuwa Msaku. Na Wanyere na Wasaku ni watani. Zamani za mababu walipigana vita hadi wakachoka kuzikana, wakapatana kwamba kuanzia hapo watapigana kwa midomo tu. Basi Mnyere akimkuta Msaku anakula, humpokonya sahani. Msaku akimwona Mnyere ana kofia mpya, huivaa na kuondoka nayo. Hakuna kukasirika, na akasirikaye ndiye mwenye makosa. Lakini Msaku akiugua, Mnyere humwogesha; akifa, Mnyere humchimbia kaburi na kumwigiza na kumsema vibaya mbele ya maiti, hadi wafiwa wacheke na wapate nguvu ya kumeza tonge.

Kondo alizaliwa mwaka wa vita, Gumbo mwaka wa njaa, na tangu utotoni hawakuwahi kuitana kwa neno jema. Mke wa Gumbo, Zamoyoni, aliushika utani huo kuliko hata wenye asili yake. Kondo akibisha hodi, husikia kutoka jikoni, "Umenusa moshi, we panya? Chakula kimekwisha!" Na huku anasema hivyo anamchotea.

Mke wa Kondo alipofariki, Kondo alikaa kama gogo. Hakula wala hakulia. Ndipo Gumbo alipovaa kanga za marehemu, akazunguka uani akiwa ameshika kiuno, akimfokea Kondo kwa sauti ile ile ya marehemu kuhusu matope aliyoingiza ndani na vipande vya matairi alivyovitupa kila mahali. Kondo akacheka. Alicheka hadi kicheko kikageuka kilio, na alipokwisha kulia aliomba maji. Mtu akikufanyia jambo kama hilo humsahau? Kondo alimpenda Gumbo, na kwa kuwa walikuwa watani, hakuwa na njia ya kumwambia isipokuwa kumtukana.

*

Tukafika Sura ya Saba. Sura ya Saba ilisema kwamba kila kijiji kina mnyonyaji wake, na kwamba kijiji kisichomfichua mnyonyaji wake ni kijiji kinachomficha.

Ndugu Semboja aliitisha mkutano mbele ya ghala la pamba. Siku hiyo alikuwepo Mshauri kutoka ile nchi rafiki, mzungu mpole aliyevaa kofia ya manyoya kwa kuheshimu sare yake, jasho likimchuruzika hadi shingoni. Kando yake alikaa mkalimani.

"Ndugu wananchi," alisema Katibu, "nimesikitika. Wenzetu wa Mkomelo, kijiji kidogo kile, wamepata wanyonyaji watatu! Sisi hata mmoja? Tusijidharau, jamani. Uwezo tunao. Mkutano huu hautafungwa hadi mnyonyaji apatikane."

Watu wakatazamana. Tangu ile Jumanne wote walikuwa hohehahe kwa usawa kabisa. Jua likazidi, watoto wakaanza kulia kwa njaa, na askari walioizunguka hadhara walikuwa wamekunywa maji yote ya mtungi. Hofu ilitanda hadi unaweza kuisikia kwa pua. Na penye uzito kama huo, kwa desturi ya watu wa Mtakuja, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuupunguza. Kondo hakufikiri. Alisimama kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni mzigo.

"Ndugu Katibu, mbona tunahangaika?" alisema, na kidole chake kilikuwa kimeshamwelekea Gumbo. "Mnyonyaji si huyu hapa! Mtazameni alivyonenepa! Huyu bwana ana vibarua maelfu kwa maelfu. Hawana mshahara, hawana likizo, hawana hata Jumapili. Kutwa wako porini wanawatafutia watoto wao. Wakirudi na chochote, anawaingilia na moshi, anawatoa machozi, anawapora! Halafu wakimwuma kidogo tu, kijiji kizima hatulali kwa malalamiko yake! Nasema huyu ni mnyonyaji wa nyuki, yeye na baba yake na babu yake! Akamatwe! Afungiwe kwenye mzinga!"

Lo! Hadhara ilipasuka. Watu walicheka kwa jinsi walivyokuwa na haja ya kucheka. Wazee walishikana mabega. Zamoyoni alijifuta machozi kwa upindo wa kanga akapaza sauti, "Na mimi mkewe ananinyonya hivyo hivyo!" Gumbo mwenyewe alicheka kuliko wote, akiwa ameinama, mikono magotini.

Mkalimani alimtafsiria Mshauri maneno yote, moja baada ya jingine, isipokuwa kicheko, kwa kuwa kicheko hakikuwamo katika mafunzo yake. Mshauri alisikiliza kwa makini, akavua kofia, akapiga makofi. Ndugu Semboja alipoona hivyo naye akapiga makofi. Uso wake ulijaa shukrani ya mtu aliyepata kitu alichokwisha kukikatia tamaa.

Askari walimwendea Gumbo. Gumbo akawanyoshea mikono mwenyewe wamfunge, kwa kunogesha mchezo.

"Kondo, leo umenikomesha!" alisema akiwa anapandishwa lorini, mbavu zikimwuma kwa kicheko. "Ngoja nirudi, utanitambua!"

Kondo naye alimpungia mkono. Lori lilipopita daraja la kutokea kijijini na kuendelea, ndipo watu walipoanza kunyamaza, mmoja mmoja.

*

Asubuhi Kondo alikuwa mlangoni kwa Katibu kabla ya mfagizi.

"Ndugu Katibu, jana ile ilikuwa utani."

"Utani ni nini?" aliuliza Ndugu Semboja, ambaye mama yake mzazi alikuwa Msaku.

"Aa, Ndugu Katibu! Si unajua? Mimi Mnyere, yeye Msaku."

"Kielelezo hakimtambui Mnyere wala Msaku. Kinatambua mwananchi. Mwananchi ni mmoja tu, na mtu hawezi kuwa mtani wa nafsi yake." Alimsogezea kiti, akashusha sauti kama anayemwonea huruma. "Hebu tufikirie pamoja. Ukisema ulishtaki, watu waliocheka walicheka kwa furaha ya kumfichua adui. Hilo ni jambo zuri. Ukisema ulitania, basi ulikitania Kielelezo mbele ya Mshauri, na wale wote waliocheka walikicheka Kielelezo. Nani hakucheka? Tutahitaji malori mangapi? Na yule mkewe, aliyeongezea neno lake kwa sauti kubwa, tumweke fungu gani?"

Kondo akamnyoshea mikono yote miwili. "Nifungeni mimi, basi. Mimi peke yangu."

"Wewe?" Katibu alicheka kwa upole. "Wewe ndiwe Mshtaki Bora wa Mtakuja! Sura ya Saba inamtaka Mshtaki Bora. Tukufunge kwa lipi?"

Akambandika nishani kifuani, ya bati, nzuri. Kisha akainama chini ya meza akatoa zawadi iliyoambatana na nishani hiyo. Ilikuwa kopo la asali. Kondo aliitambua asali hiyo kabla kopo halijafunguliwa, maana maisha yake yote alikuwa anaiiba kwenye kabati la Zamoyoni.

Akaenda nayo moja kwa moja hadi mlangoni kwa Zamoyoni. Alimkuta ameketi kizingitini, macho barabarani.

"Zamoyoni, ujue mimi sikukusudia..."

"Najua hukukusudia, panya wewe," alimjibu, ila neno la mwisho lilimtoka kwa shida. "Basi nenda ukamrudishe."

*

Ndivyo Kondo alivyojua analodaiwa na dunia: amrudishe. Aliandama ofisi zote za wilaya na nishani yake kifuani. Kila alipofika alipigiwa saluti na kuketishwa mbele, na kila alipofungua mdomo kueleza, aliombwa arudie yale mashtaka, kwa kuwa yalikuwa yamependwa sana.

Na kweli yalipendwa. Yalitiwa kwenye kipaza sauti, yakasomwa kila asubuhi kijijini kwa sauti ya mtu asiyejua kucheka. Watoto waliyakariri shuleni. Mnyonyaji, mwizi, mvivu, mlafi: maneno ambayo watu wa Mtakuja walikuwa wakirushiana tangu enzi za mababu sasa yalikuwa mali ya umma, na aliyeyatumia alihesabiwa kuwa ameshtaki. Mwanamke mmoja alimwambia shemeji yake "mlafi wewe" wakigombania ukoko wa wali, na shemeji akachukuliwa kabla ukoko haujaisha. Baada ya hapo kijiji kikawa na adabu ya kutisha. Watani walipishana njiani wakiamkiana kwa majina kamili.

Kesi ya Gumbo ilisikilizwa hadharani, ndani ya ghala lile lile la pamba. Aliletwa amekonda, shavu moja limevimba. Macho yake yalizunguka hadi yakamwona Kondo kwenye kiti cha mbele, na nishani yake.

"Ndugu Hakimu," alisema Gumbo, "hicho kibati mmempa huyo Mnyere? Kesho mtakikuta kimeshonewa kwenye kiatu."

Hakuna aliyecheka. Gumbo aliwatazama wenzake, safu baada ya safu, akingoja, na Kondo alitaka ardhi ipasuke. Alikuwa anaelewa kwa nini Gumbo hakuacha. Ilimradi Gumbo anatania, bado yote yalikuwa utani, na mtu hafi kwa utani.

"Mshtaki Bora," aliita Hakimu, "simama. Uliyoyasema juu ya mtu huyu uliyakusudia, au ulikuwa unafanya mzaha na mkutano?"

Kondo akasimama. Aliwatazama askari mlangoni. Aliwaona wale wote waliocheka siku ile, wameketi na watoto wao mapajani. Alimwona Zamoyoni, na Zamoyoni alikuwa anamtazama yeye, anamngoja amrudishe mumewe. Kondo akafungua mdomo, ukabaki wazi.

Gumbo aliona. Yeye pia alikuwa na macho ya kuhesabu watu.

"Mnamsumbua bure huyo, hana hata akili ya kufanya mzaha," alisema haraka. "Nakiri. Nimenyonya nyuki. Baba yangu alinyonya, babu yangu alinyonya, na asali ilikuwa tamu."

Akatabasamu kwa lile shavu lililobaki zima. Hakimu aligonga meza. Kondo akaketi chini, na tangu siku hiyo hakuwahi kuketi sawasawa mahali popote.

*

Gumbo alipelekwa Kambi ya Kujisahihisha, kwenye machimbo ya chokaa. Majira ya baridi yalipoingia akarudishwa, amekunjwa ndani ya mkeka. Taarifa ilisema kwamba alikuwa amejisahihisha kwa bidii kuliko mwili wake ulivyoruhusu, na kwamba Serikali haikuwa na kinyongo naye tena.

Kwa kawaida maiti za kambini hazikurudishwa. Lakini Kielelezo kilielekeza kwamba maziko ya mnyonyaji wa kwanza wa kijiji yawe somo kwa umma, na kwamba Mshtaki Bora ayarudie mashtaka yake kaburini. Ndugu Semboja alimpelekea Kondo ujumbe huo mwenyewe, akiwa amefurahi, kama anayempa mtu heshima.

Kondo hakukataa. Moyoni alisema: mimi ndiye mtani wake, kumsema vibaya kaburini ni kazi yangu. Nitamsema, Zamoyoni atacheka, na akicheka atakuwa amejua kwamba bado sisi ni watani. Alilichimba kaburi kwa mikono yake. Usiku wa kuamkia maziko hakupata usingizi, akikumbuka namna Gumbo alivyokuwa anatembea, anavyopiga chafya, anavyolalamika akiumwa na nyuki.

Watu wote waliletwa. Mshauri na mkalimani walisimama mbele. Maiti ililazwa kando ya shimo.

"Mshtaki Bora, karibu," alisema Katibu.

Kondo alikohoa. Akashika kiuno kama Gumbo, akainua mkono.

"Mtazameni alivyonenepa..."

Akaishia hapo. Ndani ya mkeka ule hata mtoto asingeonekana mwembamba hivyo. Katibu alitoa ishara na watu wakapiga makofi, yote kwa pamoja, kisha yakakoma kwa pamoja.

Hapo Kondo akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Alirukia ndani ya kaburi, akajilaza chali.

Huo ndio utani wa mwisho wa Wanyere na Wasaku. Mtani hulala kaburini na kukataa kutoka, hadi mke wa marehemu aje ukingoni amtukane vilivyo na kumtupia chochote, hata gunzi la hindi. Akishatukanwa hutoka, marehemu akapewa nafasi yake, na jamaa hizo mbili zikaendelea kuwa zilivyokuwa.

"Sitoki!" Kondo alipaza sauti kutoka shimoni. "Kaburi zuri kama hili mnampa mvivu yule? Mwenye msiba aje!"

Ndugu Semboja alipekua Kielelezo, jasho likimtoka. Hapakuwa na sura ya mshtaki aliyelala kaburini. Mshauri alimwuliza mkalimani, na mkalimani kwa mara ya kwanza akakosa maneno. Askari mmoja alikoki bunduki, akamtazama Katibu apewe amri.

Zamoyoni alisogea. Kondo, kule chini, aliona kwanza nyayo zake, kisha uso wake umeinama juu yake, na nyuma ya uso huo mbingu tupu. Alimngoja. Hakuwahi kungoja kitu duniani kama alivyongoja tusi lile. Aliona midomo ya Zamoyoni inacheza, ikianza kuunda neno. Kisha Zamoyoni akageuza shingo, akamtazama Katibu, akamtazama yule askari. Alipomrudia Kondo, uso ulikuwa umefungwa.

"Shikamoo, Ndugu Mshtaki Bora," alisema, na akapiga goti. "Tunakuomba kwa heshima utoke, tumzike mzee."

"Zamoyoni," Kondo alinong'ona. "Nitukane. Neno moja tu."

"Tafadhali, Ndugu."

Mtu akiombwa kwa heshima namna hiyo, atafanyaje? Kondo akatoka. Alijikung'uta udongo magotini, Gumbo akashushwa, na makoleo mapana ya theluji yakamfukia upesi sana. Redio ilitangaza jioni kwamba maziko ya Mtakuja yalifana, na kwamba utaratibu wa Mshtaki kulipima kaburi kwa mwili wake mwenyewe utaingizwa kwenye toleo lijalo la Kielelezo.

Kama Zamoyoni alimnyima tusi kwa sababu hakumsamehe, au alimnyima kwa sababu tusi mbele ya Katibu lingempandisha Kondo kwenye lori, Kondo hajui. Hapana mahali pa kumwulizia ambapo hapana sikio la tatu. Ila kila asubuhi huzunguka njia ndefu ili apite mlangoni kwake. Hupunguza mwendo, hukohoa, hungoja. Zamoyoni huacha kufagia, husimama wima, humwamkia shikamoo, na Kondo huitikia marahaba.